Kreti Namba Kumi na Saba

Mimi ni mwoga, na ningependa hilo lijulikane mapema kabla hujaanza kunionea huruma. Naogopa mbwa, naogopa daktari wa meno, naogopa simu inayolia asubuhi kabla sijanywa chai. Ile ya mwezi uliopita ilinikuta nikipiga mswaki hapa kwangu Kiogoro. Alikuwa Nyaboke, jirani yetu wa zamani kule Birongo, akiniambia kwa Ekegusii kwamba Mama Moraa amefariki, mazishi ni Alhamisi, na sisi wanawake wa kundi la zamani tunatarajiwa jikoni mapema kumenya ndizi. Nilisema nitafika. Nikakata simu, kisha nikaenda kunawa mikono. Nilinawa kwa sabuni, nikainusa, nikanawa tena. Mume wangu, aliyekuwa akichana nywele kando yangu, aliniuliza nimeshika nini. Sikuwa nimeshika chochote. Ni tabia niliyoianza nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ule wa mishiri, na haijawahi kuniacha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani nikingoja kuitwa chuo cha ualimu. Kwetu kulikuwa na majani chai na ndizi kama kwa kila mtu, mpaka kampuni moja ya kuuza mboga ng'ambo ilipomtuma afisa wake, Bwana Njagi, atufundishe kulima mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani yanayoliwa pamoja na ganda. Tulikutana naye kwenye ukumbi wa kanisa, wenye viti virefu vya mbao vilivyochubuka rangi na harufu ya nta, familia thelathini, na kila familia ikapewa namba yake. Yetu ilikuwa kumi na tisa. Ya Mama Moraa, mjane aliyepakana nasi upande wa mtoni, ilikuwa kumi na saba. Njagi hakujua Ekegusii, kwa hiyo siku zake tulizungumza Kiswahili, wazee wetu wakikivuta polepole. Alitueleza kwamba serikali yetu na zile za Ulaya zina mkataba, na kwa sababu ya mkataba huo mishiri yetu inaingia kwao bila kutozwa ushuru. Alisema mkataba wenyewe unakaribia kwisha, mwingine unajadiliwa, na katika huo mpya na sisi tutatakiwa kuwafungulia milango waingize vitu vyao vivyo hivyo. Mzee Onchiri, mume wa Nyaboke, ambaye ndiye tuliyemchagua mwenyekiti, alisimama akashika mkanda wa suruali. "Sawa," akasema, "sisi tunapeleka maharagwe, wao wanaleta maziwa ya unga. Sasa hii ng'ombe yangu moja itashindana aje na kiwanda mzima?" Watu walicheka, na Njagi akacheka pia.

Onchiri alipenda kula kwetu. Mama alipika obokima, ugali wa wimbi, na mboga chungu za chinsaga alizozilaza kwenye maziwa siku mbili, na harufu hiyo ilimleta mzee mpaka mlangoni na redio yake ndogo kwapani. Jiko letu lilikuwa chumba chenye dirisha moja, kuta nyeusi kwa moshi, kuku wakilala chini ya uchaga wa kuni. Mimi nilikaa karibu na moto, nikisikiliza watu wazima. Redio ilitaja mkataba karibu kila jioni: mawaziri wamekwenda, mawaziri wamerudi, tarehe inakaribia, kama hatutasaini ushuru utapanda na maua na mboga zetu zitaoza uwanja wa ndege. Mama alikuwa anauliza kama ni mwezi huu. Onchiri alikuwa anajibu kwa mdomo uliojaa. "Hata wakisaini, Nyina Kwamboka, usifurahi sana. Ushuru wametoa pale mlangoni, lakini wameweka mtu wa kunusa." Kwamboka ni mimi. Alimaanisha maabara. Njagi alikuwa ametuambia kwamba Ulaya kuna mashine inayoweza kugundua tone moja la dawa ya wadudu lililoanguka kwenye bwawa la maji, na kwamba mishiri ikipatikana na dawa wasiyoitaka inachomwa, na namba iliyoandikwa kwenye kreti inarudi mpaka Birongo kumtafuta mwenyewe. Mimi niliamini kila neno. Nilikuwa nikichuma huku nikihisi kuna mtu mbali sana ameinamisha pua kwenye vidole vyangu.

Kulikuwa na masharti mengi, lakini mawili ndiyo yaliyotumaliza. La kwanza, usipige dawa yoyote isipokuwa ile unayopewa na kampuni, na ukishapiga usichume mpaka siku zake ziishe. La pili, mishiri ya namba moja isichanganywe na ya namba nyingine. Hilo la pili tulilipigia makofi ukumbini, tukaenda nyumbani, tukalivunja Ijumaa ya kwanza. Wengi wetu tulikuwa Wasabato. Lori lilipita Ijumaa jioni, na jua likizama Sabato imeingia, hakuna kuchuma wala kupakia. Kreti isiyojaa haikuchukuliwa na lori. Sasa fikiria Mama Moraa, peke yake shambani, binti yake Moraa akiwa bwenini kidato cha pili, jua linaelekea milimani na kreti yake imefika nusu. Tungefanyaje? Tangu enzi za nyanya zetu watu wa kijiji kimoja wamelimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na utaratibu huo tunauita egesangio. Hakuna aliyeona kuwa kumjazia jirani kreti ni kosa. Ungeona ni kosa kumwacha. Kila Ijumaa, wa kwanza kumaliza alibeba karai lake akaenda kumimina kwa aliyechelewa, na aliyechelewa karibu siku zote alikuwa yeye, na alitushukuru kwa kutupa viazi vitamu vya kuchoma, vingine vikiwa bado na majivu.

Nimeeleza haya yote ili uelewe jinsi nilivyoweza kufanya nilichofanya bila kujiona mwovu. Wiki moja Mama alikuwa mjini Kisii akimuuguza dada yake hospitalini, na shamba likabaki mikononi mwangu. Jumatano niliamka nikakuta vidukari, wale wadudu weusi wadogo, wamejaa kwenye mistari mitatu ya juu. Dawa ya kampuni ilikuwa imeisha na Njagi hakuonekana. Niliona mwaka wangu wote wa chuo ukiliwa na wadudu mbele ya macho yangu. Nilikimbia kwa Nyaboke kuazima pampu ya mgongoni, na Nyaboke akaniletea pampu pamoja na chupa ya soda yenye maji meupe kama maziwa, ambayo kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa nailoni. Ilikuwa dawa ya nyanya. "Weka kidogo tu," akasema. "Kifuniko kimoja. Sisi hutumia." Nilimwambia Njagi ameikataza. Akasema, "Karatasi yake iliandikwa imetengenezwa huko huko kwao. Watakatazaje kitu yao?" Jambo hilo lilinituliza, na mpaka leo sijapata wa kunijibu. Niliipiga kwenye ile mistari mitatu, nikaapa sitaichuma, nikarudisha pampu.

Ijumaa nilichuma mistari yote ya chini, kreti yetu ikajaa, nikawa na raha ya mtu aliyemaliza mapema. Ndipo nikasikia Mama Moraa akiita kutoka upande wa mtoni. Jua lilikuwa limegusa mlima. Watu walikuwa wakishuka kwake na makarai. Nami mistari yangu ya chini ilikuwa imebaki majani matupu. Ningeweza kukaa. Ningeweza kusema sina. Badala yake nilipanda juu nikachuma mstari mmoja na nusu kwa mikono miwili, haraka, nikijiambia kwamba ni kidogo, kwamba umande umeosha, kwamba mashine gani hiyo inayonusa kutoka Ulaya mpaka Birongo. Nilifika nikihema kwenye banda la mizani karibu na kwake, ambako lori lilipakia, nikamimina karai langu kwenye kreti namba kumi na saba juu ya mishiri ya wengine, na Mama Moraa akanishika bega akasema, "Mungu akuzidishie, mama yangu." Alizoea kuniita hivyo, mimi niliyekuwa na jina la marehemu mama yake. Lori likaondoka. Tukaenda kuoga tuingie Sabato. Niliimba kanisani siku iliyofuata bila shida yoyote.

Hofu ilianza baada ya wiki tatu, Jumatatu, Njagi alipokuja kwa pikipiki badala ya lori. Nilimwona akiipanda njia yetu akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Alisimama uani kwa Onchiri akasema wamechukua sampuli Ulaya, kreti moja tu katika mzigo wote, na imepatikana na dawa iliyokatazwa. Namba kumi na saba. Mzigo wote umechomwa. Kampuni imesimamisha kununua Birongo, na ama kundi limtoe mwenye namba hiyo mbele ya afisa, ama familia zote thelathini zitolewe. Mkutano ungekuwa Alhamisi. Nilirudi nyumbani nikasugua mikono kwa jivu mpaka ikachubuka. Siku tatu hizo sikulala wala sikula vizuri. Mama, aliyekuwa amerudi, alidhani nina malaria, akanichemshia mwarobaini, nikaunywa wote kwa shukrani kwa kuwa uchungu wake ulinipa sababu ya kukunja uso.

Jumatano jioni, kabla taa hazijawashwa, Mama Moraa alikuja kwetu na mkungu wa ndizi. Mama alikuwa ameenda kukamua. Nilikuwa peke yangu jikoni nikisonga ugali, alipoinama kuingia. Aliketi kwenye kigoda, akaweka ndizi chini. Mjane huyo hakuwa na pampu. Kijiji kizima kilijua. Vidukari wake aliwatoa kwa vidole, mmea kwa mmea, akiwasagia kwenye sahani ya bati yenye maji ya pilipili, na tulikuwa tukimcheka kwamba anawachinja mmoja mmoja. Akaniuliza polepole kwa Ekegusii, "Kwamboka, ile Ijumaa, mlionijazia mlikuwa wangapi?" Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Nilitazama ugali, nikasema, "Sikumbuki." Moto ulikuwa ukitoa moshi na macho yangu yalikuwa yakitoka machozi, nikashukuru moshi ule. "Basi," akasema. Alisimama, akanigusa kichwa, akatoka. Ndizi alituachia.

Ukumbini siku ya pili nilikaa karibu na mlango. Njagi alisimama mbele na karatasi yake, na Mzee Onchiri akakaa kando yake kama mwenyekiti, mikono kati ya magoti, kofia haipo kichwani. Sijawahi tena kumwona Onchiri bila kofia. "Wazee kwa akina mama," Njagi akasema, "hii maneno si ya mchezo. Namba seventini ni nani?" Mama Moraa akasimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. "Ni mimi. Lakini mimi sina pampu." Njagi akauliza, si kwa ukali, "Sasa hiyo dawa ilitoka wapi, mama? Ilianguka kutoka juu?" Kisha akasema jambo ambalo nimelisikia kichwani maisha yangu yote: "Kama kuna mtu alikuongezea mishiri, sema hapa. Lakini ujue, kuongezeana pia imekatazwa. Ikiwa ni hivyo kundi yote inaenda nyumbani." Mama Moraa akageuka akatutazama, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho yake yalipofika kwangu nilihisi mkojo. Niliomba. Sikuomba nisamehewe, naomba uelewe vizuri, niliomba anyamaze. Na aligeuka tena mbele, akanyoosha gauni lake, akasema kwa Kiswahili chake cha darasa la nne, "Andika ni mimi." Onchiri alisoma azimio la kumtoa kundini kwa sauti iliyokuwa ikikwama, watu wakainua mikono kuunga mkono, na mkono wangu nilioinua ulikuwa unanuka sabuni.

Lori lilirudi wiki iliyofuata. Moraa hakurudi shule muhula uliofuata. Alipata kibarua kwenye banda letu la mizani, akichagua mishiri ya majirani, mirefu huku, iliyopinda kule, na mimi nilipopeleka karai langu alinisalimu kwa heshima kama mtu anayemsalimu dada mkubwa. Niliitwa chuo. Mishiri ndiyo iliyonipeleka. Na sikumbuki kama miaka miwili ilipita kabla kampuni yenyewe haijaondoka, kwa sababu viwango viliongezeka, ghala la dawa la simiti, choo cha shambani, cheti kila mwaka, na sisi wakulima wa robo eka hatukuweza. Kwa hiyo alitolewa ili tubaki, na hatukubaki. Siku hizi mkataba mpya umesainiwa, na kwenye chumba cha walimu wenzangu wanaoshughulika na maparachichi wanaufurahia, na pengine wana haki. Sijui uchumi. Ninachojua ni kwamba wale mawaziri wa redioni na wale wanusaji wa maabara walituwekea sheria iliyomhesabu kila mmoja peke yake, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amejaza kreti peke yake, na tulipoogopa tukakubali hesabu yao. Lakini hiyo ni sauti ya mwalimu. Mwaka ule sikufikiria chochote ila ngozi yangu.

Alhamisi ya mazishi nilifika Birongo mapema, nimefunga kitambaa kichwani. Jeneza lilikuwa uani chini ya hema. Jikoni kwa marehemu tulikuwa wanawake sita wa kundi la zamani, tumezunguka rundo la ndizi, visu mkononi, utomvu ukitutia weusi vidoleni. Moraa, ambaye sasa anauza mitumba pale Masimba, alikuwa akiingia na kutoka. Tulizungumza juu ya magoti na wajukuu. Halafu Nyaboke, ambaye amezeeka sana tangu Onchiri atangulie, aliacha kumenya. "Zile zilikuwa zetu," akasema, akitazama kisu. "Mishiri ya kumi na saba. Tulipiga ile dawa Jumanne, Onchiri akamjazia Ijumaa. Mzee amekufa nayo kifuani." Nilitaka kufungua mdomo lakini mwingine alinitangulia. "Yaya, hapana, Nyaboke. Ni mimi. Uliniazima chupa mimi mwenyewe." Wa tatu alianza kulia. Chupa ile ya soda ilikuwa imezunguka boma zetu zote wiki ile, na sote Ijumaa tulimimina, na kila mmoja wetu aliishi miaka yote hii akiogopa wenzake, akidhani ni karai lake tu lililomtia mjane hatiani. Nami nikasema yangu: mistari mitatu, mmoja na nusu, swali la jikoni, na jibu nililompa. "Na tulijua hana pampu," Nyaboke akasema. "Sote tulijua."

Hatukumwona Moraa amesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliiweka chini, akajifuta mikono kwenye leso, na akauliza kwa sauti ile ile ya mama yake, "Mlikuwa wangapi?"

Nafundisha watoto kila siku wainue mikono. Niliuinua wangu, na utomvu ulikuwa umekauka juu yake. Nyaboke akainua, kisha wa tatu, kisha wote. Moraa alituhesabu kwa kidole, taratibu, akimtazama kila mmoja usoni kabla ya kwenda kwa mwingine. "Sita," akasema. "Jeneza linabebwa na watu sita. Wale vijana nitawaambia wakae."

Kwetu wanawake hawabebi jeneza. Mzee mmoja wa ukoo alianza kuguna tulipotoka, lakini Moraa alimwendea akamwambia neno moja sikioni, akanyamaza. Tulishika, watatu huku, watatu kule, Nyaboke na magoti yake mbele kabisa, mimi nyuma yake. Niliogopa kuliko siku ya ukumbi. Niliogopa nitajikwaa, niliogopa mpini utateleza kwenye utomvu, niliogopa watu wote wale waliosimama kimya kando ya njia wakitutazama na bila shaka wakielewa. Njia ya kaburini inapita kwenye kipande chake cha mishiri, ambacho sasa ni nepia, majani ya ng'ombe. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Hatukumwangusha. Tulipomaliza na udongo kurudi, langoni kulikuwa na beseni la maji na kipande cha sabuni kwa ajili ya waliozika. Wenzangu waliinama wakanawa, mmoja baada ya mwingine. Moraa alikuwa amesimama hapo akiwamiminia maji, na zamu yangu ilipofika aliniinulia jagi. Nilimwambia asante, nikapita bila kunawa.